Shosho Aliuliza kwa Kiswahili

Katika ploti yetu ya Kawangware, mlango wa tatu kutoka kwenye bomba la maji, anakaa mama mzee ambaye sote twamwita Shosho, hata sisi tusio na udugu naye. Asubuhi huuza mboga kando ya barabara, jioni huketi kwenye kigoda akichambua maharagwe ya kesho. Ana presha. Kila mwezi huenda kliniki ya serikali akarudi na vidonge vya enalaprili kwenye bahasha ndogo, vya kumeza kimoja kila asubuhi.

Miezi michache baada ya kuanza vidonge hivyo, alishikwa na kikohozi. Kilikuwa kikavu, hakina makohozi wala homa, cha kuwasha koo tu, na kilimwamsha usiku wa manane. Akanywa tangawizi, akanywa asali na ndimu, wapi. Jioni moja akanijia na simu mkononi. “Mwanangu, niulizie hapa. Wewe unayajua kuyasoma haya mambo.”

Nikamwulizia. Nilianza kwa Kiswahili, kama alivyotamka mwenyewe: kikohozi kikavu kisichoisha. Yakaja matangazo ya wauza chai ya mitishamba, video ya mhubiri, na ukurasa mmoja wa zamani uliotaja kifua kikuu. Nikageukia Kiingereza, na hapo kurasa zikamwagika. Katika zile za mwanzo neno saratani lilikuwa limeandikwa kwa herufi nene. Nilimsomea. Nililisoma kwa sauti, naye akaacha kuchambua maharagwe. Katika kuuliza kwangu kote sikutaja dawa ya presha hata mara moja, kwa kuwa haikunipitia akilini kwamba kidonge cha presha kinaweza kuleta kikohozi.

Wiki hiyohiyo mtu fulani katika kikundi cha WhatsApp akamuuzia chai ya “kusafisha mapafu na damu” kwa shilingi 2,500, M-PESA kwanza, kwa sharti kwamba aache “dawa za kemikali” ili chai ifanye kazi. Akaacha. Baada ya wiki tatu hivi kikohozi kikaisha, na hilo ndilo lililotuponza. Tuliamini chai imemponya. Kumbe kikohozi kiliondoka kwa sababu kidonge kilikuwa kimeondoka, na presha nayo ilikuwa inapanda kimyakimya. Asubuhi moja Shosho alishindwa kufunga leso yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umelegea na mdomo umeenda upande.

Yuko hai, na anatembea. Ameniruhusu niandike haya, akisema nisiliseme jina lake ila niseme yaliyompata. Nayaandika nikiwa na deni, maana sauti iliyomsomea lile neno ilikuwa yangu.

Hospitalini, kijana mmoja wa koti jeupe aliuliza swali ambalo sikuwa nimeiuliza simu: “Alikuwa anameza dawa gani?” Nikamwonyesha bahasha. Akaeleza kwa dakika moja, kwa Kiswahili safi, kisha akakimbilia kitanda kingine. Dakika hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma, na katika kusoma nikakutana na nyoka.

Brazili kuna nyoka wanayemwita jararaca. Anayeumwa naye, presha yake inaweza kuporomoka ghafla. Mwaka 1948, mjini São Paulo, mtafiti Maurício Rocha e Silva na wenzake walikuwa wakichunguza sumu ya nyoka huyo, wakaona kwamba inapochanganyika na damu huzaa kitu kinacholegeza mishipa. Wakakiita bradikinini. Katika miaka ya 1960 Sérgio Ferreira, Mbrazili mwingine, akagundua kwamba ndani ya sumu ileile mna kitu cha pili, ambacho huizuia bradikinini isivunjwe upesi mwilini. Akaipeleka sumu hiyo London, kwenye maabara ya John Vane. Polepole picha ikaungana: kimeng'enya kinachoivunja bradikinini ndicho hichohicho kinachounda homoni ya kubana mishipa na kupandisha presha. Nyoka alikuwa na kitu cha kukifunga mikono kimeng'enya hicho.

Lakini huwezi kumpa mgonjwa sumu ya nyoka anywe. Kile kitu cha jararaca kikipita tumboni huyeyushwa kama chakula, kwa hiyo kingelazimika kudungwa kwa sindano. Ndipo kazi ya uundaji ilipoanza. Katikati ya miaka ya 1970, David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb huko Marekani waliuliza sumu hujishikiza wapi hasa kwenye kimeng'enya, na shimo la kujishikizia lina umbo gani. Wakaunda molekuli ndogo, yenye kustahimili tumbo, inayokaa katika shimo hilo. Ndiyo captopril, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Enalaprili ya Shosho ni mdogo wake. Hakuna chembe ya sumu ndani ya kidonge kile. Kilichotoka kwa nyoka ni wazo tu, na wazo hilo limewafikia wauza mboga wa Kawangware.

Na kikohozi? Bradikinini isipovunjwa hujilimbikiza, na kwa baadhi ya watu huwasha njia ya hewa. Basi. Kikohozi cha Shosho kilikuwa na ukoo unaorudi moja kwa moja hadi kwa nyoka wa Brazili. Kilikuwa kero, lakini dalili ya saratani hakikuwa. Na njia ya kukiondoa ilikuwa sentensi moja mbele ya daktari au nesi: “Tangu nianze hivi vidonge ninakohoa.” Angebadilishiwa, pengine apewe losartani, ambayo hushusha presha bila kuigusa bradikinini, na chai ya 2,500 isingepata mteja.

Kwa kuwa nimeigusa dawa hii, sina haki ya kuacha nusu. Anayetumia enalaprili au dawa za jamii yake akiona midomo, ulimi au uso unavimba, hiyo ni dharura. Aende hospitali saa hiyohiyo, asingoje kesho. Mwanamke mwenye mimba, au anayeitarajia, amwambie daktari mapema, kwa kuwa dawa za jamii hii humdhuru mtoto tumboni. Lakini kikohozi kikavu peke yake ni habari ya kupeleka kliniki. Usiache kidonge kwa shauri la simu, awe anayekusomea ni mimi au mjukuu wako aliyesoma chuo kikuu.

Ombi langu la kwanza kwako msomaji ni hilo. La pili ni refu zaidi, na linaanzia Lang'ata.

Ukipanda matatu ya kuelekea Karen kwa njia ya Lang'ata utafika karibu na kituo cha twiga kilichoanzishwa na Jock na Betty Leslie-Melville mwaka 1979. Watoto wetu wa shule hupelekwa pale kwa mabasi. Hupanda lile jukwaa la mbao, hunyoosha kiganja chenye chakula, na ulimi mrefu wa twiga hukizoa. Nilikwenda huko majuzi, na safari hii nikaitazama miguu.

Presha ya twiga ni kama mara mbili ya yako. Lazima iwe hivyo, kwa kuwa moyo wake, wenye uzito wa kilo kumi na kitu, unasukuma damu shingoni hadi kwenye ubongo ulio mita mbili juu yake. Mtu mwenye presha ya namna hiyo angevimba miguu, angeharibika figo, moyo ungechoka. Twiga anasimama kutwa nzima na miguu yake ni mikavu kama fito. Mwaka 1987 Alan Hargens na wenzake walichapisha vipimo walivyovichukua kwenye miili ya twiga, wakaonyesha kwamba ngozi ya miguuni, pamoja na utando mgumu ulio chini yake, imebana mno, kiasi kwamba maji ya damu hayapati nafasi ya kutoka kwenye mishipa na kujaa miguuni. Ngozi ya twiga ni soksi ya kuzaliwa nayo. Soksi za kubana ambazo watu wenye mishipa iliyotuna hupewa hospitalini hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na suti za marubani wa ndege za kivita pia. (Usizinunue barabarani ukajivisha tu. Mwenye mishipa ya damu iliyozibika miguuni anaweza kuumizwa nazo, kwa hiyo apimwe kwanza.)

Mwaka 2021 wanasayansi wa China walikwenda mbele zaidi. Walichukua jeni moja inayoitwa FGFRL1, ambayo kwa twiga ina umbo la pekee, wakawatia panya umbo hilo. Kisha wakawapa panya hao ileile homoni ya kubana mishipa niliyoitaja kwenye habari ya nyoka. Panya wa kawaida presha iliwapanda, moyo na figo vikaharibika. Wale wenye jeni ya twiga iliwapanda kidogo tu, na viungo vyao vikasalimika kwa kiasi kikubwa.

Habari tamu sana hii. Sasa ifikirie inavyosafiri. Inatoka maabara ikisema “panya”. Inafika gazetini ikisema “huenda”. Inafika YouTube ikisema “wanasayansi wamegundua”. Inapofika kwenye simu ya Shosho inasema “twiga anatibu presha”, na chini yake pana namba ya kutuma pesa. Sitii chumvi. Kaskazini mwa Tanzania, nchi ambayo twiga ni mnyama wake wa taifa, wahifadhi wamewahi kuripoti kwamba watu waliwaua kwa kuamini ubongo na uboho wao hutibu UKIMWI. Mnyama ambaye mwaka 2016 aliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini alikuwa akichinjwa kwa ajili ya tiba isiyokuwepo, na mgonjwa aliyekula uboho ule akabaki na virusi vyake vilevile.

Wenye umri wangu tunaikumbuka Loliondo ya 2011, foleni ya magari ya kilomita nyingi, mabasi yaliyotoka Nairobi usiku, na watu waliokwenda kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mponyaji wa huko Tanzania, baadhi yao wakaacha vidonge nyumbani. Habari zile zilienea kwa midomo, kwa redio na kwa ujumbe mfupi, zikachukua wiki kadhaa kutufikia. Leo zinafika kabla maji ya chai hayajachemka.

Kwa hiyo ninakuomba ujizoeze swali moja, uulize kila mara mtandaoni unapokutana na mnyama anayetibu: habari hii imefika wapi njiani? Maana njia ni ndefu, nayo ina vituo. Kuna kumtazama mnyama. Kuna kukielewa kinachotendeka ndani yake. Kuna chupa za maabara, kisha panya, kisha watu wachache, kisha watu wengi, kisha kibali cha serikali. Nyingi hufia njiani, na hazifi kwa hila ya mtu yeyote.

Chukua nungunungu. Mwaka 2012 Jeffrey Karp na wenzake wa Boston walieleza kwa nini mwiba wa nungunungu wa Amerika Kaskazini huingia nyamani kirahisi na kutoka kwa shida: ncha yake ina vimiba vidogo vinavyotazama nyuma. Wakaanza kufikiria sindano na vibanio vya kushikia kidonda kwa mtindo huo. Waliulinganisha na mwiba wa nungunungu wa Afrika, na wetu hauna vimiba hivyo. Kwa hiyo anayekuuzia mwiba wa nungunungu wa Ngong kwa kutaja utafiti wa Boston hakuusoma utafiti wenyewe. Au chukua koa, yule anayekula sukuma wiki yako msimu wa mvua. Ute wa koa mmoja wa Ulaya uliwapa watafiti wa Harvard wazo la gundi inayoshika hata penye damu. Walichapisha mwaka 2017, baada ya kuijaribu kwenye moyo wa nguruwe na kwa panya. Ni kazi nzuri mno, lakini haimaanishi upake koa kidonda cha mtoto.

Koboko naye. Wafaransa walipata kwenye sumu yake, mwaka 2012, vitu vinavyotuliza maumivu ya panya kwa nguvu kama ya mofini. Hadi hapo, panya. Koboko mwenyewe, akikuuma, hakutulizi. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, wala usiweke jiwe jeusi na kungoja. Tulia, usiutumie mguu ulioumwa, upelekwe hospitali yenye dawa ya kukata sumu. Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa wa kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, na katika msitu wa Oloolua, pale Karen, kwenye taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, kuna Wakenya wanaofanya kazi hiyo kila siku. Ni safari fupi kutoka kwa Shosho.

Mnyama mmoja ambaye habari yake imevuka vituo vyote ni mjusi wa jangwani wa Marekani na Mexico, wanayemwita Gila. Mwaka 1992 daktari John Eng, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York, alitangaza kitu kutoka kwenye sumu ya mjusi huyo kinachofanana na homoni ya utumbo wetu ya kusaidia kudhibiti sukari, ila chenyewe hudumu mwilini muda mrefu zaidi. Mwaka 2005 kikaidhinishwa kuwa sindano ya kisukari, exenatide. Mlango ukafunguka, na kupitia mlango huo zikaja nyingine zilizoigwa kutoka kwenye homoni ya binadamu mwenyewe, ikiwemo semaglutide, ambayo leo mjini kila mtu anaiita sindano ya kupunguza uzito. Mnaiona kwenye stetasi za WhatsApp, inauzwa na mtu anayeuza pia viatu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutide bandia zilizokuwa zimekamatwa katika nchi kadhaa. Hapa dawa ni ya kweli na mtandao unasema kweli kwamba ipo, lakini chupa uliyoletewa na bodaboda inaweza kuwa na kitu kingine kabisa. Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo ofisi zake ziko barabara ya Lenana, ina orodha ya maduka ya dawa yaliyosajiliwa. Baraza la Madaktari nalo lina orodha ya waliopewa leseni, ambayo unaweza kuitafuta jina kwa jina kwa simu hiyohiyo. Dakika mbili za bando. Fanya hivyo kabla ya kutuma pesa.

Nimesema na anayetafuta. Sasa naomba kusema na wale wanaojua.

Ndugu zangu wa kampasi za Chuo Kikuu cha Nairobi za Chiromo na Kabete mnaosomesha miili ya wanyama, wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, wa Oloolua, madaktari na manesi wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mafundi wa vifaa vya hospitali mliofunzwa chuo cha tiba cha KMTC, mnaojua kipima presha kinavyodanganya betri ikiisha, wanafunzi wa uhandisi wa tiba mnaochora vifaa usiku: ninyi mmejaa katika mji huu. Kutoka katikati ya jiji hadi Karen, huwezi kupita bila kukutana na anayeijua sehemu ya habari niliyoieleza hapa, na kuijua kunizidi mimi mara mia. Lakini mnapoandika, mnaandika kwa Kiingereza na kwa ajili ya wenzenu. Shosho alipouliza kwa Kiswahili, mlangoni hapakuwa na mtu ila muuza chai, na huyo aliitikia upesi, kwa lugha ya kueleweka, akamwita mama.

Siwalaumu. Ninajua mnavyofanya kazi, na ninajua hakuna anayepandishwa cheo kwa kueleza kikohozi. Lakini Katiba yetu ya 2010 inasema kwenye kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na kwenye kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sioni jinsi haki hiyo ya pili itakavyomfikia Shosho kama ile lugha ya kwanza imeachiwa wauza chai.

Ninaomba saa moja kwa mwezi. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, iko wazi kwa yeyote, na mwaka 2009 hadi 2010 wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania waliiongezea makala kupitia shindano la Google. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, tulishalifanya. Chukua dawa moja unayoiandikia watu kila siku. Andika kwa Kiswahili inafanya nini, inaweza kuleta kero gani, kero ipi ni ya kuvumilia hadi kliniki na ipi ni ya kukimbilia hospitali leo. Andika “presha”, kwa sababu ndilo neno analoliandika anayetafuta. “Shinikizo la damu” ulitaje pembeni. Kama huna muda wa kuandika, rekodi sauti. Shosho haoni vizuri herufi ndogo, lakini sauti ya daktari ataisikiliza mara tatu na kuwachezea majirani.

Nesi unayekabidhi bahasha dirishani, nawe nakuomba sentensi moja tu, hata foleni ikiwa imefika nje: “Ukianza kukohoa usiache, njoo uniambie.” Ni maneno matano. Kama Shosho angeyasikia siku ile, leo angekuwa anafunga leso yake kwa mikono miwili.

Wakutubi wa maktaba ya McMillan pale mjini, iliyofunguliwa 1931, na wa maktaba kuu ya taifa kule Upper Hill, ninyi mmesomea kazi hii ya kutafuta. Tufundisheni kwa Kiswahili, Jumamosi moja moja, jinsi ya kuujua ukurasa wa hospitali na kuutofautisha na ukurasa wa duka. Nanyi wasimamizi wa vikundi vya WhatsApp, vya chama, vya kanisa, vya msikiti, vya ploti: mnafuta picha za ovyo bila kusita, basi ifuteni pia kila habari inayomwambia mtu aache dawa yake. Msiogope kuitwa wakali.

Kuna pia watu ambao tayari wanatupitia milangoni. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, na katika begi lao mna kipima presha. Wetu hapa ni mama mmoja mchangamfu anayejua kila mtoto wa mtaa kwa jina. Mjue wako. Mkaribishe, umpe kiti. Usingoje ugonjwa ndipo umtafute.

Mimi nimeanza na ukurasa mmoja. Nimeandika kwa Kiswahili habari ya kile kikohozi, kidonge kile na nyoka yule, nikampelekea nesi mmoja akaisoma na kunisahihisha mahali pawili. Shosho aliomba nimsomee habari ya nyoka mara ya pili, akauliza kama huko Brazili watu walimshukuru. Kisha nikauchapisha ukurasa huo kwenye saiba ya karibu, nikaubandika langoni kwa ploti, juu ya ratiba ya maji, na nusu ya chini nikaiacha wazi, nikaning'iniza kalamu kwa uzi.

Sasa kuna maswali manne pale, kila moja kwa mwandiko wake. Mmoja anauliza kama dawa ya sukari ikiisha kabla ya siku ya kliniki anaweza kununua yoyote dukani. Mwingine anauliza ni kweli kitunguu saumu kinashusha presha, na kwa kiasi gani. Wa tatu ameandika jina la sindano ya uzito na alama ya kuuliza, basi. La nne liko chini kabisa, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika: “Miguu yangu inavimba tangu nipewe dawa mpya ya presha. Ni dawa au ni moyo? Nani atanijibu?”